Kucha zinazochanika tabaka: raba besi, bilda jeli au kiimarisha cha chupa?

Chukua kile kipande cha jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwenye taa, ulichokibandua kwa jino ukiwa kwenye foleni, kigeuze, ukiangalie kwenye mwanga. Juu bado kinang'aa na rangi yako haijafifia hata kidogo. Chini kuna utando mweupe, mkavu, wenye vijistari vyembamba vinavyokwenda urefu wa ukucha. Wengi hudhani ni mabaki ya besi, yaani tabaka la kwanza linalopakwa chini ya rangi. Ni ukucha wako, tabaka lake la juu kabisa, umeondoka nao.

Nimekaa mezani nikitengeneza watu kucha kwa miaka mingi, na kipande kama hicho nimeletewa mara nyingi, kimefungwa kwenye tishu, pamoja na swali lile lile: "Dada, jeli imeniharibu kucha, nipake nini chini yake ziwe ngumu?" Huwa sijibu hapo hapo. Namwomba kwanza mkono, nibonyeze ncha ya ukucha wa kidole gumba. Maana neno hilo "ngumu" limewaponza wengi. Ukucha mgumu kupita kiasi hukatika upesi kuliko ule unaojua kupinda kidogo na kurudi, na kitu kigumu kikipakwa juu ya ukucha laini hutengana nao siku ya tatu tu. Ukitaka kuchagua vizuri, chagua kitu kinachopinda sawa na ukucha wako, kisha chagua namna ya kukivua kabla hujakipaka.

Bonyeza kwanza

Ukucha ni keratini, aina ya protini, seli zilizokufa zikalaliana tabaka kwa tabaka, na zote pamoja hazizidi sana unene wa nusu milimita. Bonyeza ncha yake kwa kidole kingine, ukucha ukiwa mtupu na mkavu. Usijaribu ukiwa umetoka kuoga, kwa sababu wakati huo hata ukucha wenye afya huwa umelegea.

Ukiona ncha inapinda kirahisi kama kadi nyembamba, na ukingo wake unachanika tabaka kama kurasa za kitabu kilicholoa, una kucha laini. Mara nyingi chanzo ni maji. Ukucha hunyonya maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na mwenendo huo ukirudiwa mara kumi au ishirini kwa siku, kile kinachoshikilia matabaka pamoja huachia. Sabuni za kufulia na za vyombo huongeza kasi.

Ukiona haipindi kabisa, ina mipasuko inayoanzia nchani kwenda mzizini, na ikikatika inatoa mlio mdogo, hizo ni kucha kavu. Asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi, ikitumika kila wiki hufanya hivyo. Umri nao hufanya hivyo, na kiimarisha cha chupa kilichotumika miezi bila kupumzishwa vilevile.

Na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo lenye kile kipande kwenye tishu: kucha zilizosagwa mno au zilizobanduliwa. Zinaonekana za waridi zaidi katikati, maji ya moto yanauma, ukipaka jeli na kuingiza mkono kwenye taa unaurudisha kwa kuungua. Hizi hazina ugonjwa wowote. Zimepungua unene tu, na hakuna chupa itakayozirudishia unene huo. Utarudi kwa kuota.

Kiimarisha cha chupa dhidi ya mafuta

Vile viimarisha vya kupaka kama rangi ya kawaida si kitu kimoja, ingawa vimepangwa kwenye rafu moja. Geuza chupa usome viungo.

Vya kwanza vina fomaldehaidi. Kazi yake ni kufunga nyuzi za keratini zishikane zaidi, na inafanya kazi kweli: baada ya wiki mbili tatu, kucha laini hukaza. Shida ni kwamba haijui pa kukomea. Ukiendelea, ukucha unahama kutoka kundi la laini kwenda kundi la kavu, unaanza kupasuka, nawe unaongeza dozi ukidhani bado ni dhaifu. Huo ndio mzunguko ninaouona kuliko mwingine wowote. Kiungo hiki pia huwasha ngozi na huleta mzio, ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha asilimia 2.2 kwenye viimarisha kucha na kutaka mtumiaji ailinde ngozi ya pembeni kwa mafuta. Kama kucha zako ni laini kweli, vitumie kwa wiki chache, kisha uache. Kama ni kavu au zimesagwa, usiviguse.

Vya pili vinajinadi kwa kalsiamu. Hapa nasema wazi: weka fedha yako mfukoni. Kalsiamu ndani ya ukucha ni kidogo sana, na uimara wa ukucha hautokani nayo. Unatokana na namna keratini ilivyofungamana kwa salfa. Vile vyenye keratini iliyovunjwavunjwa hujaza mikwaruzo ya juu na kuupa ukucha mng'ao. Vinapendeza, basi.

Mafuta yako upande mwingine kabisa. Hayakazi chochote. Yanapunguza kasi ya maji kuingia na kutoka, na yanaupa ukucha mkavu uwezo wa kupinda tena. Jojoba ndiyo ninayoipendelea, ambayo kwa hakika ni nta ya majimaji na hupenya vizuri kuliko mafuta mazito yanayobaki juu. Tone moja kwa kila ukucha, usiku, chini ya ncha pia, na kusugua hadi ngozi ya mzizini ilainike.

Sasa ukiviweka viwili hivi bega kwa bega kwa ajili ya mtu anayepaka jeli, tofauti kubwa inajitokeza. Kiimarisha cha chupa hakikai chini ya jeli. Ni utando wa rangi ya kawaida, jeli ikilala juu yake haishiki ukucha, inashika utando, na vyote viwili vinabanduka pamoja. Ni dawa ya miezi ya mapumziko. Mafuta, kwa upande wao, yanatumika kila siku jeli ikiwa juu, pembeni na chini ya ncha, mradi siku ya kupaka upya ukucha usafishwe usiwe na hata chembe ya ulaini wa mafuta. Kwa hiyo kama huna mpango wa kukaa bila jeli hata mwezi mmoja, mjadala huu umekwisha: chukua mafuta.

Raba besi na bilda jeli, ana kwa ana

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa sababu vyote viwili vinakaa chini ya rangi na vyote viwili vinafanya kazi ya gango: vinashikilia ukucha usivunjike wakati mpya unaota nyuma yake.

Jina la raba besi lisikuchanganye. Kwa kawaida hamna raba ndani. Ni besi ya jeli iliyo nzito kuliko ya kawaida na inayonyumbulika baada ya kukauka kwenye taa. Ukipaka kwenye kipande cha plastiki chembamba na kukikunja, inakunjika nacho. Bilda jeli ni nzito zaidi, ina uwezo wa kujengewa mgongo, yaani ule mwinuko mdogo katikati ya ukucha unaobeba uzito ncha inapogonga kitu, na ikikauka inakuwa imara karibu isiyokunjika.

Fikiria basi kucha laini zilizokatwa fupi, ncha milimita moja au mbili. Kila unapofungua kopo, kubonyeza simu, kufunga kifungo, ukucha unapinda. Juu yake kuna bilda jeli nene isiyopinda. Ukucha unakwenda huku, jeli inabaki kule, na mahali pa kwanza kuachana ni kona za mbele. Wiki ya kwanza haijaisha unaona weupe pembeni, hewa imeingia. Ungepaka raba besi, vyote viwili vingepinda pamoja. Kwa kucha fupi na laini, raba besi inashinda, tena bila ubishi.

Refusha kucha hizo hizo hadi milimita tano na hesabu inageuka. Ncha ndefu ni wenzo. Raba besi inayonyumbulika inauacha ukucha upinde pale pale ulipozoea kupinda, kwenye mpaka wa nyama na ncha, na siku moja utachanika hapo, mahali panapouma kuliko pote. Urefu huo unahitaji mgongo, na mgongo ni wa bilda jeli. Ushauri wangu kwa mwenye kucha laini anayetaka urefu ni tabaka jembamba la raba besi kwanza, bilda jeli juu yake. Ile ya chini inanyumbulika na ukucha, ya juu inabeba uzito. Kwa kucha kavu, bilda jeli peke yake inatosha, kwa kuwa ukucha wenyewe haupindi sana hata uachane nayo.

Kundi la tatu, zilizosagwa, linahitaji uangalifu wa pekee. Jeli yoyote inapokauka kwenye taa hutoa joto, na kadiri ilivyo nene ndivyo joto linavyozidi. Ukucha mzima unalizuia. Ukucha uliosagwa unalipitisha moja kwa moja hadi kwenye nyama. Nimeona mtu mzima akitokwa machozi kwa tabaka moja la bilda jeli, na fundi akimwambia avumilie. Hapana, usivumilie. Joto hilo linaweza kuuchoma mwili ulio chini ya ukucha na kuufanya ukucha ujitenge nao. Kwa kundi hili ni raba besi, matabaka mawili membamba, kila moja likikaushwa peke yake, taa ikiwa kwenye nguvu ndogo kama inayo, na mkono utoke mara tu joto linapoanza kupanda, usubiri sekunde kadhaa, urudi. Kama hata hivyo inauma, kucha hizo hazijawa tayari kwa jeli. Zipewe mafuta na mkato mfupi kwa wiki sita hivi.

Chochote utakachochagua, kinategemea maandalizi. Vile vipande vya tabaka vinavyoning'inia nchani visifunikwe. Vikate, sawazisha ukingo kwa tupa laini ukienda upande mmoja, zungushia kona. Ukifunika kipande kilichoachia, umeijenga nyumba juu ya ubao uliolegea, na jeli itaanza kuinuka hapo hapo. Ukucha wenyewe uondolewe mng'ao tu kwa bafa laini, kile kipande cha msasa cha kusugulia kucha, namba 240, mara mbili tatu. Fundi anayekuja na mashine ya kusagia kwenye ukucha mtupu unaochanika, mwombe aiweke chini. Na brashi imalizie kwenye ukingo wa ncha, ipite kama inaufunga mdomo, kwa sababu maji huingilia hapo kati ya matabaka.

Akriliki, poda na hariri, kwa haraka

Akriliki, ile poda inayochanganywa na kimiminika ikaganda juu ya ukucha, ni ngumu kuliko vyote nilivyotaja na kwa kawaida hutaka ukucha usagwe zaidi ili ishike. Kwa kucha zinazochanika, siipendekezi kama gango. Poda ya kuchovya inashikishwa na gundi ya jamii ile ile ya gundi za papo kwa papo. Haihitaji taa na inakaa muda mrefu, ila kuivua kunataka asetoni ya muda mrefu na watu hukosa subira wakakwangua. Kitambaa cha hariri au cha nyuzi za kioo, kinachogundishwa juu ya ufa, bado nakiheshimu: ukucha mmoja umepasuka katikati na tisa ni mizima, huna haja ya kubadilisha mfumo mzima. Kiraka kidogo, kisha raba besi juu yake.

Kuvua: loweka au saga ujaze?

Watu hulinganisha jeli na jeli, wakasahau kulinganisha namna ya kuzitoa, na nafikiri hapo ndipo kucha nyingi zinapopotea.

Njia ya kwanza ni kuloweka kwa asetoni. Raba besi nyingi na bilda jeli kadhaa zinalainika hivyo. Kwaruza mng'ao wa juu, paka ngozi ya pembeni mafuta, weka pamba yenye asetoni, funga foili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Sukuma kwa kijiti cha mti. Ikikataa, funga tena dakika tano. Sekunde unayoanza kutumia nguvu ni sekunde unayoanza kung'oa ukucha. Ubaya wa njia hii ni kwamba asetoni hukausha, na ukirudia kila wiki mbili, kucha kavu hazitapona kamwe.

Njia ya pili ni kusaga rangi na sehemu kubwa ya jeli, kuacha tabaka jembamba likiwa bado limeshika, na kujaza nafasi iliyoota nyuma. Asetoni haigusi, na ukucha wenyewe hauguswi pia. Kwa kucha zinazochanika, hii ndiyo ninayoiunga mkono, hasa kwa mtu wa kucha kavu, na ndiyo sababu nyingine inayoipa bilda jeli alama kwake. Ina masharti mawili. Fundi awe na mkono mwepesi anayejua jeli imeishia wapi na ukucha umeanzia wapi. Na kila sehemu iliyoinuka iondolewe yote, isifunikwe upya. Chini ya jeli iliyoinuka hukaa maji, na kwenye unyevu huo bakteria aitwaye Pseudomonas hustawi na kuacha doa la kijani. Ukiliona, vua jeli yote, uache ukucha wazi na mkavu, na kama hauondoki, mwone daktari.

Jua pia kuwa baadhi ya bilda jeli, zile ngumu kabisa, haziyeyuki kwa asetoni hata ukikaa saa nzima. Uliza kabla ya kupakwa. Ukisafiri ukamkuta fundi mwingine asiyejua ni ipi, atakufunga foili, atasubiri, kisha atakwangua.

Na kama unajijua kwamba vidole vyako havitulii, jeli ikiinuka kidogo tu unaivuta, kuna besi zilizotengenezwa kubanduliwa. Hazidumu, siku chache tu. Nakushauri uzichukue hata hivyo, zitaondoka zenyewe bila kuchukua ukucha.

Mzio, jambo ambalo bei haionyeshi

Jeli zote hizi ni za jamii ya kemikali ziitwazo akrileti, na iliyo maarufu kwa kuleta mzio ni ile iitwayo HEMA. Dalili ni kuwashwa, vilengelenge au ngozi kupasuka kuzunguka kucha, wakati mwingine hata kwenye kope, maana tunajishika uso. Mzio huu ukishaingia hautoki. Na kwa kuwa vitu vya jamii hiyo hutumika kuziba meno, kwenye saruji ya kushikizia viungo bandia vya mifupa na kwenye gundi za vifaa vya kupimia sukari vinavyobandikwa mwilini, unaweza kukufuata mbali sana na saluni. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe za mafundi peke yao.

Lebo ya "bila HEMA" inasaidia, lakini haimaanishi bila akrileti. Kinachokulinda zaidi ni jeli isiguse ngozi hata nukta, na ikauke yote. Jeli iliyokauka juu huku ndani ikiwa mbichi inaonekana sawa kabisa kwa macho. Kwa hiyo tumia taa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeli hiyo hiyo. Bilda jeli nene chini ya taa ndogo ya nyumbani ndiyo mchanganyiko unaonitia wasiwasi kuliko yote, na kwa anayejipaka mwenyewe raba besi nyembamba ni salama zaidi.

Vidonge

Biotini, vitamini ya kundi B, ina tafiti ndogo zilizoonyesha nafuu kwa baadhi ya watu wenye kucha zinazovunjika, wakitumia miligramu 2.5 kwa siku kwa miezi. Si ya kila mtu. Na ukiitumia, mwambie daktari kabla ya kupimwa damu: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha mwaka 2017 kwamba inaweza kupotosha majibu, yakiwemo ya kipimo cha moyo cha troponini. Kucha zilizobonyea katikati kama kijiko zinaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na hapo jeli ingekuwa inaficha jambo linalotakiwa kuonekana.

Ningekuchagulia hivi

Mikono yako inaingia majini siku nzima, kucha zinachanika tabaka: kata fupi, raba besi, funga ukingo, vaa glavu, mafuta usiku. Una kucha kavu zinazopasuka: bilda jeli ya kujazwa, asetoni ikae mbali, mafuta mara mbili kwa siku. Unataka urefu na kucha ni laini: raba besi chini, bilda jeli juu, wiki tatu zisipite hujarudi kwa fundi, kwa sababu mgongo unasogea mbele ukucha unavyoota na uzito unaangukia nchani. Umebandua ukafika kwenye nyama: subiri.

Kucha za mikono huota kama milimita tatu kwa mwezi, na ukucha mzima huchukua miezi minne hadi sita kubadilika. Piga picha kidole gumba leo. Utaona mpaka hafifu, mbele yake ukucha uliochoka, nyuma yake uliotoka mpya, nyororo na wenye mng'ao wake wa asili. Kila utakapovua au kujaza, piga tena. Mpaka huo ukifika nchani, kata kile kipande cha mwisho, kausha mkono vizuri, kisha bonyeza upya kama ulivyobonyeza mwanzo. Ukucha uliokuwa hauvumilii taa huenda sasa ni wa kundi jingine kabisa, na chupa ya kuchagua si ile ya mara ya kwanza.